MALI INA DAFTARI, ROHO ZA WATU JE?

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee wetu, na mwenye duka wa Darajani hahitaji kufafanuliwa maana yake. Kila jioni, kabla hajafunga milango, hufungua kitabu chake akaandika kilichoingia, kilichotoka na kilichokopwa. Anajua kilo ya sukari imekwenda kwa nani na italipwa lini. Swali tunalopenda kuuliza leo ni hili: je, roho za watu zinazopotea katika barabara za Unguja na Pemba nazo zina daftari la namna hiyo?

Hatusemi kwamba hakuna maandishi. Yapo, tena si haba. Askari wa usalama barabarani ana kitabu chake kituoni. Daktari ana jalada la mgonjwa. Sheha anajua nani amezikwa katika shehia yake. Mhandisi ana ramani ya barabara, na kila kona na kila mteremko umo humo. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali nayo hutoa takwimu za ajali kila mwezi, jambo linalostahili kushukuriwa. Lakini aghalabu kila mmoja wa hawa hukaa na chake, na ukweli ukagawanyika vipande vipande kama mtungi uliovunjika, kila mtu akibaki na kigae chake.

Tuchukue mfano. Kijana anaanguka na vespa yake usiku katika njia ya Fuoni. Jamaa zake hawangoji askari. Wanamtia katika gari la kwanza linalopita na kumkimbiza Hospitali ya Mnazi Mmoja, na fomu ya PF3 inafuatwa baadaye. Analazwa, anapata nafuu kidogo, anarudishwa kwao. Wiki ya tatu hali inageuka, na anafariki dunia kitandani mwake. Kwa desturi inayofuatwa na mataifa mengi, mtu akifa ndani ya siku 30 tangu ajali ilipotokea huhesabiwa kuwa ameuawa na ajali hiyo. Lakini askari aliandika majeruhi, daktari aliandika jeraha la kichwa, na sheha alishuhudia maziko. Kama watatu hao hawakukutana, basi katika kitabu cha kituo kijana yule yu hai hadi leo.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni dogo, au kwamba tunawatafutia watumishi wa umma makosa. Kwa mwaka 2016 nchi yetu ya Muungano iliripoti vifo vya barabarani vilivyopindukia kidogo 3,200, ilhali Shirika la Afya Duniani, kwa hesabu zake, lilikadiria kwamba vilizidi 16,000. Wataalamu na wabishane juu ya makadirio hayo. Ndiyo kazi yao. Sisi tunachokiona ni kwamba kati ya hesabu moja na nyingine pana shimo, na ndani ya shimo hilo yawezekana wamo watu. Serikali haiwezi kupanga dawa ya maradhi ambayo haijui yamewapata wangapi, wapi, na saa ngapi.

Ulimwenguni kote, kwa taarifa ya Shirika hilo iliyotolewa mwaka 2023, watu wapatao 1,190,000 walikufa barabarani katika mwaka 2021. Hakuna kinachowaua watoto na vijana wenye umri wa kati ya miaka 5 na 29 kuliko barabara. Zaidi ya nusu ya wote waliokufa walikuwa wenda kwa miguu, wapanda baskeli na wapanda pikipiki. Na wakati dunia kwa jumla ilipunguza vifo hivyo kwa asilimia 5 tangu mwaka 2010, katika kanda ya Afrika viliongezeka kwa asilimia 17. Kanda yetu ina asilimia 3 tu ya magari ya dunia, lakini imebeba asilimia 19 ya maiti. Hesabu ya namna hii haimpendezi mtu mwenye kupenda bara lake.

Visiwa vyetu navyo si vile tulivyovijua zamani. Katika sensa ya mwaka 1978 tulikuwa watu 476,111. Katika sensa ya mwaka 2022 tulikuwa 1,889,773, karibu mara nne. Ardhi haikuongezeka hata shibiri moja. Barabara nyingi zilizokuwa za mashimo zimetiwa lami mpya, na wananchi wamefurahi, nasi tumefurahi pamoja nao. Lakini lami njema huita mwendo. Mahali ambapo zamani shimo lilimzuia dereva, leo hakuna kinachomzuia ila akili yake. Katika njia hiyo hiyo hupita daladala, lori la mchanga, vespa, baskeli, mgeni aliyekodi pikipiki ambaye kwao watu hupita kulia, gari la ng'ombe lisilo na taa, na mtoto anayetoka chuoni jioni na msahafu wake kifuani. Wote hao wana haki ya kufika kwao.

Hapa ndipo tunapokutana na usemi unaotulaza usingizi: ati, ajali haina kinga. Neno hili ajali tumelipokea kutoka lugha ya Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliokadiriwa, siku ya mtu iliyoandikwa. Hatuna ugomvi na imani hiyo. Ndiyo tuliyolelewa nayo. Lakini waalimu wetu wa chuoni, waliotufundisha kwamba siku ya mtu haisogei, ndio hao hao waliotufundisha kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, kisha ndipo akatawakali. Breki mbovu si kadari. Tairi lililokwisha meno si kadari. Na kona iliyoua watu mwaka jana, ikaua tena mwaka huu, na bado haijawekewa hata alama moja, hiyo nayo si kadari. Ni kazi ambayo haijafanywa.

Kinga ipo, na imepatikana kwa utafiti wa watu wa fani mbalimbali walioshirikiana. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, askari na mwandishi maarufu wa Uingereza, alianguka na pikipiki, akafa baada ya siku sita kwa majeraha ya kichwa. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Yeye hakusema siku yake imefika akaishia hapo. Alikusanya habari za waendesha pikipiki wengine, hasa wa jeshi wakati wa Vita vya Pili, na mwaka 1941 akaandika kwamba kofia ngumu huokoa maisha. Lakini udaktari peke yake haukutosha. Huko Oxford alifanya kazi na Holbourn, mtaalamu wa fizikia, ambaye alitengeneza mfano wa ubongo kwa jelatini ili aone jinsi unavyopata madhara kichwa kinapotikiswa. Daktari alijua jeraha, mwanafizikia alijua nguvu inayolisababisha, na jeshi lilikuwa na wapanda pikipiki na hesabu zao. Vitatu hivyo vilipokutana, wanajeshi wakaamriwa kuvaa kofia. Hata hivyo, sheria ya kuwalazimisha raia wa Uingereza haikufika hadi mwaka 1973. Utafiti ulikuwa tayari miaka 32, na watu waliendelea kufa. Leo twajua kutokana na uchunguzi mwingi uliojumlishwa pamoja kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa kadiri ya asilimia 42, na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69.

Wala si lazima tuende Ulaya kutafuta mfano. Ng'ambo ya pili tu ya mkondo wetu, mjini Dar es Salaam, shirika liitwalo Amend lilichukua shule za msingi zilizo kando ya barabara zenye magari mengi. Walichunguza watoto hupita wapi na huumia wapi, kisha wakatengeneza njia za miguu, matuta, vivuko na alama, na watoto wakafundishwa namna ya kuvuka. Majeruhi wakahesabiwa kabla na baada ya kazi hiyo, na shule zilizotengenezewa zikalinganishwa na nyingine zilizokuwa bado. Ikaonekana kwamba kiwango cha watoto kuumia kimeshuka kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya kimataifa. Vitu walivyotumia ni saruji, rangi na vigingi, vitu ambavyo hata sisi tunavyo. Tofauti ni kwamba walihesabu kwanza, wakajenga baadaye, kisha wakahesabu tena.

Tunajua atakayesema: Utafiti wa nini? Chanzo tunakijua, ni uzembe wa madereva. Uzembe upo, na mzembe achukuliwe hatua bila ya kuoneana haya. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tunakamata watu huku tunaacha mahali. Dereva mmoja akiua katika kona fulani, lawama ni yake. Madereva watano tofauti wakiua katika kona hiyo hiyo, basi kona nayo ina la kujibu. Sweden ilipopitisha mwaka 1997 azma ya kufikia barabara isiyoua hata mtu mmoja, msingi wake ulikuwa huu: mwanadamu atakosea tu, kwa hiyo barabara na gari vitengenezwe ili kosa lake lisiwe kifo. Na katika yote, mwendo ndio mkubwa wa mambo. Mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali zenye kuua hupanda kwa kadiri ya asilimia 4. Mwenda kwa miguu anayegongwa na gari la kilomita 65 kwa saa yumo katika hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko aliyegongwa na la kilomita 50. Kilomita 15 tu, na dereva hufika Mkokotoni dakika chache mapema.

Kwa hiyo basi, maoni yetu ni haya.

Kwanza, liwepo daftari moja. Polisi, hospitali na masheha wakae pamoja kila mwezi, walinganishe vitabu vyao, na kila aliyekufa au kuumia aandikwe mara moja tu, kwa mahali, saa, chombo na jeraha. Siri ya mgonjwa ihifadhiwe. Jina lake halihitajiki ili kona irekebishwe. Kazi hii haitaki mitambo ya fedha nyingi. Inataka meza moja na watu walio tayari kufunguliana makabati.

Pili, wahandisi wapewe daftari hilo, wala wasingoje waliombe. Barabara mpya ichunguzwe kwa macho ya mwenda kwa miguu kabla haijakabidhiwa. Hivi sasa, mara nyingi mno, tuta hujengwa baada ya maiti, wananchi wakiwa wamekwisha funga njia kwa hasira. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wetu sisi ni makaburi.

Tatu, tuanze na shule na vyuo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina vijana wasomi. Wapelekwe Unguja na Pemba pia, wahesabu magari, wapime mwendo, wakae na madereva wa daladala na utingo wao. Dereva aliyepita njia ya Chake Chake hadi Mkoani kwa miaka 20 anajua mambo ambayo hayamo katika ramani yoyote. Naye ni mtafiti, ila hajaulizwa.

Nne, ushirikiano uwe wa haki. Wataalamu wa nje waje, tunawakaribisha, kwani elimu haina mpaka. Lakini isiwe mgeni huja akachukua hesabu zetu, akaandika kwa lugha yake, na sheha aliyemtembeza asisikie tena habari zake. Matokeo yarudi kwa Kiswahili, yasomwe katika shehia, yabandikwe vituoni. Na kwa upande wetu, kiongozi asifungie takwimu kwa kuogopa kwamba zitamtia aibu. Idadi kubwa iliyoandikwa kwa uaminifu haiwezi kuwa aibu kwa yeyote. Aibu ni idadi ndogo iliyopatikana kwa kutoandika.

Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kupunguza vifo vya barabarani kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Nusu ya ngapi? Asiyejua alichonacho hawezi kujua nusu yake. Ndugu zetu mliopewa dhamana katika Serikali, katika Chama na katika Baraza la Wawakilishi, mwapita kila siku katika barabara hizi hizi, na watoto wenu huzivuka kama wanavyozivuka wa mkulima. Kidole kimoja hakivunji chawa. Polisi peke yake hawezi, daktari peke yake hawezi, mhandisi peke yake hawezi. Mwenye duka wa Darajani hapendi sukari yake kuliko tunavyowapenda watoto wetu, lakini sukari yake imeandikwa. Daftari la watoto wetu nalo lifunguliwe.