Rothenburg sawa, lakini Bamberg je?

Makala nzuri, ila kuzungumzia miji ya kale ya Franconia, Ujerumani, bila Bamberg, hapana jamani! Kutoka Nuremberg hata saa moja haifiki kwa treni ya kawaida. Jengo lao la zamani la manispaa limekaa katikati ya mto Regnitz, daraja linapita tumboni mwake. Ukuta wa nje una michoro ya rangi, na angalieni vizuri: mguu wa kimalaika kimoja umechongwa, umechomoza nje kabisa! Kanisa kuu lina kaburi la Papa Klementi II, aliyefariki 1047. Wabana matumizi, tiketi moja ya treni ya siku, Bayern-Ticket, hubeba hadi watu watano. Siku za kazi ni kuanzia saa tatu asubuhi, na treni za kasi za ICE msipande.