PEPMIS haimfanyii bosi kazi yake

Mwaka 2004 Serikali ya Tanzania ilileta OPRAS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma: fomu ndefu ambazo mara nyingi zilijazwa harakaharaka mwisho wa mwaka, bosi akatia saini bila kusoma. Leo kuna PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kazi hiyohiyo. Mtumishi huingia kwenye mfumo, huandika majukumu yake, msimamizi huyaidhinisha, kisha utekelezaji hupimwa hatua kwa hatua.

Ni hatua nzuri.

Lakini msimamizi anayebofya “idhinisha” kwa watumishi wote kwa mkupuo anarudisha yale yale ya makaratasi. Chukua mfano wa mwalimu: mfumo huona kuwa mada haikufundishwa. Hauoni kwamba vitabu havikufika. Waajiri watenge muda, msimamizi na mtumishi wakae wazungumze, ndipo alama ziingizwe.