Goti la Sentafowadi ni la Nani?

Juma lililopita katika safu hii tulizungumza juu ya kukausha muhogo wakati wa mvua, na akina mama kadha wamenipelekea salamu kwamba wangali wanangoja sehemu ya pili. Itakuja. Leo nawaomba ruhusa niingie kiwanjani, kwani jambo linalonishughulisha tangu Jumapili lilianza katika mpira likaishia jikoni kwa mama mmoja, na kwa hiyo halikosi mahali katika ukurasa huu wa nyumbani.

Mimi ni mtumishi wa serikali hapa Palma, kaskazini ya Cabo Delgado. Nilisomea ualimu, na ingawa siku hizi kazi yangu ni mafaili, watu bado huniita Mwalimu. Kwa kuwa nina hati nzuri nilipewa ukatibu wa timu ya mtaa, timu iliyofufuka pole pole baada ya wenzetu waliokimbia mashambulizi ya Machi 2021 kuanza kurejea makwao. Katibu huweka fedha za michango, hutafuta gari la kuwapeleka vijana ugenini, na usiku wa kuamkia mchezo huandika majina ya wachezaji 11 na ya wale wa akiba. Orodha hiyo naitia sahihi mimi.

Jumatano ile, katika mazoezi, sentafowadi wetu aliruka kupiga mpira wa kichwa, akatua vibaya. Ni kijana wa miaka 20, mvuvi, mtoto wa mama mjane. Mwenyewe alisema alisikia kitu kikilia ndani ya goti, kama ufito unaovunjika. Kabla ya magharibi goti lilikuwa limevimba kama dafu. Mzee mmoja jirani, mkandaji mashuhuri, akamchua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, na kufika Ijumaa kijana aliweza kutembea bila fimbo. Basi sote tukasema amepona.

Shida ilikuwa safu yetu ya mbele. Winga wa kushoto alikuwa baharini na baba yake. Winga wa kulia alishikwa na homa. Mchezo wa Jumapili ulikuwa na wageni kutoka Kionga, na watu wa Kionga, msomaji, hawafungwi kwa maneno. Jumamosi usiku wazee wa timu walifika barazani kwangu. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, mwandike tu. Hata asipokimbia, atasimama mbele pale, na mabeki watakaa nyuma kwa kumwogopa." Nikamwita kijana mwenyewe. Akaja akitabasamu, akaniamkia, akasema, "Shikamoo Mwalimu, mimi niko tayari." Nikaandika jina lake, nikatia sahihi, nikaenda kulala.

Katika dakika ya 23 alipokea mpira, akageuka kwa haraka, na hakuna aliyemgusa. Goti lilikwenda upande wake na mwili ukaenda upande wake. Tulimtoa juu ya kitanda cha kamba. Aliingia badala yake mtoto wa miaka 17 ambaye hakuna aliyekuwa amemfikiria, na ndiye aliyefunga bao pekee la mchezo. Tulishinda, na watu waliimba hadi sokoni.

Mimi nilikwenda nyumbani kwa yule kijana. Mama yake alikuwa akikuna nazi. Alinikaribisha vizuri, akanipa mkeka, wala hakupandisha sauti. Aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, mpira najua ni wenu. Goti je, ni la nani?" Nikanyamaza. Akaendelea kukuna, kisha akasema kwamba mashua inakwenda baharini Jumanne, na mahali pa mwanawe melini hapatangoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta jibu lake, hata katika historia ya mpira wa nchi yetu, ambayo kwa kweli imejaa magoti na miguu ya watu. Vijana wa leo wanaoona wachezaji wakibadilishwa mmoja baada ya mwingine hawajui kwamba kwa miaka mingi sheria za mashindano makubwa hazikuruhusu badala. Aliyeumia alitoka na kuiacha timu pungufu, au alibaki akichechemea. Mwaka 1963, huko Wembley, Mário Coluna, mwana wa Msumbiji, aliumizwa mguu katika fainali ya Kombe la Ulaya baina ya Benfica na Milan. Alimaliza mchezo akiwa hafai kitu, na Benfica ikafungwa 2 kwa 1. Miaka miwili baadaye, Milano, golikipa wa Benfica Alberto da Costa Pereira, aliyezaliwa Nacala kwa jirani zetu wa Nampula, aliumia katika fainali dhidi ya Inter, na beki Germano akalazimika kusimama golini. Wakafungwa 1 kwa 0.

Nasi tusijifanye kuwa siku zote ni sisi tulioonewa. Tarehe 19 Julai 1966, katika Kombe la Dunia huko Uingereza, Ureno iliifunga Brazili 3 kwa 1. Eusébio, mtoto wa Mafalala, alifunga mabao mawili, na nahodha wa Ureno alikuwa huyo huyo Coluna. Lakini siku hiyo Pelé alipigwa mateke na beki Morais mara mbili katika shambulio moja, akatolewa, kisha akarudi kiwanjani na goti bovu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kushika nafasi yake. Mchezaji bora wa dunia alikuwa akizurura pembeni kama mtu aliyepoteza kiatu. Hesabu ya wazee wangu wa barazani ilikuwa ni hiyo hiyo: asimame tu, mabeki wamwogope. Waliomzuia hawakumwogopa.

Kombe la Dunia liliruhusu wachezaji wawili wa badala kuanzia mwaka 1970. Baadaye wakawa watatu, na tangu mwaka 2020, wakati wa korona, sheria za mpira zikaruhusu watano. Basi sheria imeondoa udhuru wetu. Coluna hakuwa na wa kumpokea. Sisi tulikuwa na mtoto wa miaka 17 amekaa chini ya mwembe.

Eusébio mwenyewe, aliyefunga mabao 9 katika lile Kombe la Dunia, goti lake la kushoto lilipasuliwa mara 6. Wengi hukumbuka mashuti yake; mimi siku hizi nakumbuka zile mara 6. Alipoiacha Benfica mwaka 1975 alikwenda kucheza Amerika ya Kaskazini na magoti hayo hayo, yamekwisha kuchoka.

Jibu lenye faraja nimelipata karibu zaidi. Wengi wetu tuliangalia Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Kodivaa Januari 2024, tumebanana mbele ya televisheni ya muuza duka. Tarehe 14 tulikuwa tukiongoza Misri 2 kwa 1, kwa mabao ya Witi na Clésio, hadi Mohamed Salah alipofunga penalti katika dakika za nyongeza. Siku nne baadaye, Misri ikicheza na Ghana, Salah akashika nyuma ya paja na kuketi chini. Mwanzoni ilitangazwa kwamba angekosa michezo miwili. Baadaye ikasemwa ni majuma matatu hadi manne, naye akarudishwa Liverpool kutibiwa. Wako Wamisri waliokasirika, wakisema nahodha haachi jeshi lake. Lakini msuli wa paja haujui unahodha. Kisha golikipa wao El Shenawy akateguka bega dhidi ya Cape Verde, na mchezo uliofuata Misri ilitolewa na Kongo kwa penalti, 8 kwa 7, golikipa wa akiba akikosa penalti yake. Ni hasara kubwa kwa timu kama ile, na bado nasema waliomwondoa Salah walitenda haki.

Katika kundi hilo hilo tarehe 22 Januari tulikuwa tumefungwa na Ghana 2 kwa 0, na watu wameanza kuvaa kandambili zao waondoke. Geny Catamo akafunga penalti dakika ya 91. Dakika ya 94 Reinildo, mzaliwa wa Beira, akasawazisha. Muuza duka alivunja kiti chake mwenyewe. Sasa kumbukeni: Reinildo huyo alikatika kano ya goti tarehe 25 Februari 2023, akiichezea Atlético Madrid dhidi ya Real Madrid. Alipasuliwa, akakaa nje kwa miezi mingi, na timu ya taifa ikacheza bila yeye. Toka usiku ule wa Februari hadi bao lile ni karibu miezi 11. Angeharakishwa, huenda tusingekuwa na bao wala beki.

Hapa naomba akina mama na akina baba wanisikilize, maana wachezaji hulala majumbani mwetu. Ndani ya goti mna kano mbili zilizokingamana, ngumu kama kamba ya nanga, zinazoushika mfupa wa paja usiteleze juu ya mfupa wa muundi. Kijana akisema alisikia mlio, na goti likavimba katika saa chache za mwanzo, kisha likawa linamsaliti akigeuka, msidanganyike kwa kuwa anaweza kutembea. Wengi waliokatika kano hutembea vizuri baada ya siku chache, hukimbia moja kwa moja, na huanguka siku ya kugeuka. Siku mbili tatu za kwanza asichuliwe wala asiwekewe mafuta ya moto, kwani joto na kukandwa huzidisha uvimbe. Namheshimu sana mzee wetu mkandaji, na nimemweleza hivyo kwa adabu. Alicheka, akasema hata yeye aliona goti lile si la kawaida. Barafu ya samaki inafaa kabisa, ikivunjwa na kufungwa ndani ya kanga, isiguse ngozi yenyewe, robo saa au dakika 20, kisha ipumzishwe na kurudiwa. Mguu uinuliwe juu ya mito, ufungwe bendeji bila kubana mno, na mtu apelekwe hospitali. Kano ikiwa imekatika kweli, hata aliyepasuliwa vizuri huhesabiwa miezi 9 au zaidi kabla ya kurudi mchezoni.

Jumatano tulifanya mkutano wa timu. Nilikiri kosa langu mbele ya wote, jambo ambalo halikunipendeza. Nilipendekeza kwamba mchezaji aliyeumia asiandikwe mpaka aonwe na mhudumu wa afya, naye aruke kwa mguu mmoja, akimbie na kugeuka pande zote mbili bila maumivu. Na kwamba wa nyumbani kwake waulizwe. Mzee mmoja aliuliza tangu lini mama akapanga timu. Nikamjibu kwamba mama hapangi timu, anapanga chungu. Tulibishana hadi giza likaingia. Pendekezo la kwanza likapita. La kuwauliza wa nyumbani lilipita kwa kura mbili. La tatu, kwamba sehemu ya michango impelekee mama yule unga na mafuta muda wote ambao mwanawe haendi baharini, liliahirishwa, na mimi kama mshika fedha najua kwa nini: hakuna fedha. Nimeanza kwa mfuko wangu, na wawili wamenifuata.

Kijana anangoja safari ya Pemba kwa uchunguzi. Mahali pake melini ameshika binamu yake.

Orodha ya Jumapili ijayo iko mezani hapa ninapoandika. Winga wa kushoto amerudi, lakini amechomwa na mwiba wa taa kisiginoni, nami nimemweka kando bila kuulizwa na mtu. Wa kulia bado ana homa. Katikati nimemwandika yule wa miaka 17, na pembeni nimewatia mabeki wawili ambao hawajapata kufunga bao tangu wazaliwe. Jioni hii sentafowadi wetu ameniletea ujumbe kwamba uvimbe umepungua, na kwamba walau anaweza kukaa akiba. Nimemjibu aje kutazama pamoja na mama yake, na aje na kiti cha kuegemeza mguu.