Simu Yangu Haikuzeeka Usiku Mmoja

Safari hii sina kitabu cha kuhakiki. Nina ugomvi. Kitabu kilikuwepo, na uhakiki wake niliuanza, lakini umeishia katikati kwa sababu ya jambo hili ninalotaka kugombana nalo. Kwa hiyo mnivumilie.

Mimi huandika kwenye simu. Najua wengi wenu pia ni hivyo hivyo, hata kama hatusemi hadharani, maana mwandishi anatakiwa apigwe picha ameinamia meza na kikombe cha kahawa. Makala zangu zote mlizosoma hapa zimeandikwa kwa vidole gumba viwili, kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, kitandani taa ikiwa imezimwa. Simu yenyewe niliinunua Kariakoo, ya mtumba, imetoka Dubai. Ilikuwa na mkwaruzo mmoja pembeni na mwenye duka aliapa kwamba haijawahi kufunguliwa. Miaka mitatu imenitumikia bila neno. Aliyeitengeneza sitamtaja, maana simu yangu siyo kesi yenyewe.

Mwezi uliopita ikaja taarifa kwamba sasisho kubwa la mfumo liko tayari. Nikasubiri Ijumaa jioni nibaki ofisini kwenye waifai, kwa sababu bando langu lisingetosha hata robo. Nikabonyeza "Sakinisha". Asubuhi nikaamka na simu yenye sura mpya, vitufe vya mviringo, rangi za pipi, na mwendo wa kobe.

Wanaosema "imekuwa nzito kidogo" hawajawahi kuandika nayo. Herufi zilianza kuchelewa. Naandika "hawakutushirikisha", vidole vimeshamaliza na vinasubiri, kwenye kioo bado liko "hawaku". Halafu ghafla lote linamwagika, na katikati kuna herufi mbili zilizoruka. Nafuta. Kufuta nako kunachelewa, kwa hiyo nafuta na neno lililotangulia. Baada ya wiki moja nikagundua kitu kilichonitisha kuliko huo uzito: nilikuwa nimeanza kukwepa vitenzi virefu. Kiswahili, lugha inayoweza kubeba mtenda, wakati, mtendwa na sababu ndani ya neno moja, mimi nilikuwa nakikatakata vipande ili simu iweze kumeza. Rafiki yangu mmoja aliyesoma rasimu akaniuliza, "Kaka, siku hizi unaandika kama telegramu, kuna nini?" Kuna nini! Kuna mhandisi mahali fulani amekuwa mhariri wangu na hatujajuana.

La pili ndilo lililonifikisha kwenye ugomvi. Nina shangazi Tanga. Ana hadithi ambazo sijazikuta kwenye kitabu chochote, na kwa miaka miwili nimekuwa nikimrekodi kidogo kidogo. Shangazi hasimulii mchana. Hadithi ni ya usiku, mchana ni wa kazi, na hilo halijadiliwi. Nilifika Jumamosi, tukala, tukapumzika, ilipofika saa tatu usiku akaanza. Nikaiweka simu kwenye mkeka, kile kinukta chekundu kikiwaka. Alisimulia karibu dakika arobaini. Nilipoichukua nikakuta imeganda kwenye dakika ya kumi na moja. Kinukta kilikuwa bado chekundu, lakini namba hazitembei. Nikamwambia. Akanitazama, akasema, "Nimeshasimulia, baba." Asubuhi yake nilikuwa na basi la saa kumi na mbili.

Sasa tuje kwa fundi. Wa kwanza, palepale Kariakoo, hakuifungua hata kifuniko. Aliibonyeza mara mbili tatu, akanirudishia. "Imezeeka hii, bosi. Tafuta nyingine." Na kwa bahati, eti, alikuwa nayo nyingine.

Hilo neno "imezeeka" ndilo ninalolikataa. Kuzeeka kuna mwendo wake. Kiatu huzeeka, unakiona kisigino kikiisha. Kitabu huzeeka, karatasi inageuka rangi na gundi inaachia. Kitu kilicholala Ijumaa kikiwa kinafanya kazi na kuamka Jumamosi kikiwa hakifanyi hakikuzeeka. Kimefanywa kitu. Kiswahili kina kauli ya kutendwa kwa kazi hiyo hasa, na ukisema "imezeeka" umeshamtoa mtendaji kwenye sentensi.

Na tazama neno lenyewe walilotupa: sasisho. Nimelipenda tangu lilipozaliwa, ni uundaji mzuri wa neno. Kutoka "sasa" ukapata "sasisha", yaani kukifanya kitu kiwe cha sasa. Lakini kwa simu ya zamani kazi inakwenda kinyume. Programu inakuwa ya sasa, na chombo kinachoibeba kinasukumwa kuwa cha jana.

Wapo watakaosema nimeanza nadharia za njama. Basi tuache simu yangu, tuchukue kisa ambacho mwenyewe alikiri.

Januari 2017 Apple ilitoa toleo la iOS 10.2.1. Maelezo yaliyoambatana nalo yalizungumzia kurekebisha hitilafu na kuimarisha usalama. Mwezi uliofuata kampuni ikawaeleza waandishi wa habari kwamba toleo hilo limepunguza sana tatizo la iPhone 6 na 6s kuzimika ghafla. Limepunguza kwa njia gani? Hapo pakawa kimya. Kimya hicho kilidumu hadi Desemba, pale mtumiaji mmoja alipogundua kwamba baada ya kubadilisha betri, simu yake iliyokuwa inajikokota imerudi kukimbia. Tarehe 18 ya mwezi huo John Poole, mwanzilishi wa kampuni inayotengeneza kipimo cha Geekbench, akachapisha grafu zake: simu ya aina moja, matoleo tofauti ya programu, kasi tofauti. Siku mbili baadaye Apple ikakiri. Ndiyo, programu ilikuwa inapunguza kasi ya simu zenye betri iliyochoka. Tarehe 28 ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi dola 29.

Nitawatendea haki. Kiufundi, hoja yao inaeleweka. Betri ya lithiamu inachakaa kikemia. Ukinzani wa ndani unapanda, na prosesa inapodai umeme mwingi kwa mkupuo, volti zinashuka na simu inajizima ili isiharibike. Ukiipunguza prosesa mbio, haidai sana, simu haizimiki. Ni kama punda mzee anayepunguziwa mzigo. Mwenye punda yeyote angefanya hivyo. Ila mwenye punda ni nani? Na kwa nini aliyepunguza mzigo hakumwambia?

Maana angeambiwa, angenunua betri. Hakuambiwa, kwa hiyo wako waliohitimisha kama fundi wangu, kwamba imezeeka, wakaenda kununua simu ya mamia ya dola kwa tatizo la dola 79. Sisi tunaosoma mashairi tumezoea kutafuta kile ambacho mshairi hakukisema. Someni maelezo ya matoleo ya programu kwa jicho hilo hilo. Hitilafu, usalama, maboresho: maneno yote ni ya kweli, na kitenzi kimoja hakipo. "Tumepunguza kasi" ni maneno mawili tu. Hayakuandikwa.

Ufaransa ililiona hivyo hivyo. Faini ya euro milioni 25 iliyotozwa Apple Februari 2020 msingi wake ulikuwa kutowaarifu wateja: kudanganya kwa kuacha kusema. Sijui kama mahakama na idara za biashara zina watu wanaosoma fasihi, lakini uamuzi huo ni uhakiki wa matini. Italia ilitangulia, Oktoba 2018, na hapo hawakuishia kwa Apple. Apple ilitozwa euro milioni 10, Samsung milioni 5, kwa kuwahimiza wenye Galaxy Note 4 waweke toleo la Android lililoandaliwa kwa ajili ya simu mpya zaidi bila kuwaonya litaifanyaje simu yao. Kwa hiyo nyie wenye Samsung mliokuwa mnacheka, rudini kukaa.

Marekani mambo yaliishia kwenye maafikiano: hadi dola milioni 500 kwa wenye simu, na baadaye mwaka huo huo wa 2020 dola milioni 113 kwa majimbo zaidi ya thelathini. Kampuni haikukubali kwamba ilikosea. Fedha hizo zilikuwa za wenye simu wa Marekani. Sasa fikirieni safari ya simu. Inanunuliwa huko, inatumiwa miaka miwili, inauzwa, inafika Dubai, inapangwa kwenye katoni, inashuka Dar. Anayeinunua Kariakoo ndiye anayeishi nayo wakati betri imechoka kweli na sasisho zito limefika. Yeye ndiye mzee wa nyumba wa hiyo simu, na hayumo kwenye kesi wala kwenye fidia. Apple yenyewe haina duka lake hata moja Afrika Mashariki. Tunarithi simu pamoja na ubovu wake, fidia inabaki kwa marehemu.

Najua jibu mnaloliandaa: "Si ungeacha tu kusasisha?" Hebu tuone. Viraka vya usalama vinakuja ndani ya kifurushi hicho hicho, kwa hiyo ukikataa rangi za pipi unaweza kuwa umekataa na kufuli ya mlango, kwenye simu ambayo ndani yake kuna pesa zako. Halafu programu nyingine zinaanza kukuambia toleo lako ni la zamani, hazifunguki. Ukikubali, hakuna kurudi. Apple huacha kuidhinisha matoleo ya nyuma muda mfupi baada ya jipya kutoka, na simu nyingi za Android nazo zina kinga ya kuzuia kurudi nyuma. Hiari ambayo inakubali jibu moja tu, na jibu hilo halifutiki, mimi siiti hiari. Hata talaka ina rejea.

Jibu la pili ni la kweli kiasi: si kila uzito ni ujanja. Siku za mwanzo baada ya sasisho kubwa simu hupanga upya mafaili yake ndani kwa ndani, na huo uzito hupungua wenyewe. Programu mpya pia huandikwa na watu wenye simu mpya, zenye kumbukumbu kubwa, nao hawaoni inavyokwama kwenye simu ya miaka sita. Sawa. Huo haukuwa uovu, ulikuwa uzembe. Lakini tumbo la msomaji asiyeelewa sentensi haliulizi kama mwandishi alikuwa mwovu au mzembe.

Kinachoniudhi kuliko yote hakihusu kasi. Ni ule mkono. Wasomaji wa vitabu wa zamani kidogo watakumbuka Julai 2009, Amazon ilipofuta nakala za "1984" ya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokuwa wameshazilipia. Aliyeziuza hakuwa na haki, pesa zilirudishwa, radhi ikaombwa. Lakini kulikuwa na mwanafunzi aliyekuwa anasoma kitabu hicho kwa ajili ya masomo, na maandishi yake ya pembeni yakabaki yananing'inia bila kurasa za kuyashikilia. Kila mtu alicheka kwa sababu ni Orwell. Mimi nafikiria yale maandishi ya pembeni. Muuza vitabu wa mtaani kwetu anaweza kuniuzia kitabu kibovu, lakini akishaniuzia hawezi kuingia chumbani usiku akakichana, hata kwa nia njema, hata kama anaacha pesa mezani. Simu yangu, ambayo ina vitabu vyangu, rasimu zangu na sauti ya shangazi dakika kumi na moja, ina mlango ambao ufunguo wake sina.

Ulaya wameanza kuushika huo mkono. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu zinazoingizwa sokoni kwao zinatakiwa betri ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800 ya chaji, na masasisho ya mfumo yapatikane kwa angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Vizuri. Mtumba wa simu hizo utatufikia siku moja, inshallah. Mimi ningeomba na jambo moja dogo ambalo halihitaji mhandisi, linahitaji mwandishi: kabla ya kitufe cha "Sakinisha", sentensi moja kwa Kiswahili cha kawaida, ikitaja aina ya simu yangu, iseme itakuwa nyepesi au nzito. Wanayo majibu. Wamezipima.

Fundi wa pili, kijana mmoja wa Magomeni, aliifungua. Akanionyesha betri imevimba kidogo katikati kama andazi. Akabadilisha, elfu thelathini, nusu saa. Herufi zimerudi karibu na vidole, siyo kabisa. Kamera bado inafikiria kabla ya kufunguka. "Hawakutushirikisha" sasa linatoka lote kwa mara moja, nimelijaribu mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mzima.

Uhakiki wa kitabu utakuja. Jana usiku simu imeniletea taarifa nyingine, kuna sasisho dogo, eti la kurekebisha matatizo ya lile kubwa. Nimebonyeza "Nikumbushe baadaye". Ijumaa naenda Tanga. Shangazi amekubali kurudia ile hadithi, kwa sharti kwamba simu ikae chumba cha pili, na nimeazima kwa jirani kinasa sauti cha kaseti.