Dola 250 za kusema ukweli

Wadau, leo nataka tuongelee bei ya kusema ukweli mgeni anapoingia Bongo. Bei hiyo ni dola 250.

Tuelewane kwanza. Mgeni kutoka nchi inayohitaji viza akija kutembea, kuona simba au kusalimia ndugu, analipa dola 50 (Mmarekani 100, ila yake ni ya kuingia mara nyingi). Akisema anakuja kwa shughuli ya muda mfupi, kama kutengeneza mashine, kukagua hesabu au kufundisha utaalamu, hiyo ni viza ya biashara: dola 250, isiyozidi siku 90. Akae siku nne au tisini, bei ni ile ile. Anayetaka ajira ya kudumu ana mlango mwingine kabisa: kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015, halafu kibali cha ukaazi Uhamiaji.

Sasa njoo huku kwetu Dodoma. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Chukulia mjasiriamali mdogo wa Hombolo anayetengeneza mvinyo. Mashine ya kujaza chupa imegoma katikati ya msimu, na anayeijua ni fundi aliyeko Italia. Fundi atakaa siku nne tu. Tiketi ya ndege juu ya mjasiriamali, treni ya SGR kutoka Dar juu yake, malazi juu yake, na viza nayo inagusa laki sita. Zabibu hazisubiri. Unadhani atamwambia nini mgeni wake? "Andika utalii tu, bwana."

Hapo ndipo ninapogomba. Tumeweka pengo la dola 200 kati ya ukweli na uongo, halafu tunashangaa watu wanaruka upande wa uongo. Fundi anaingia na spana kwenye begi kama mtalii, serikali inakosa zile 200, na siku akikamatwa yeye na mwenyeji wake wote wako matatani. Anayeumia ni yule mkweli.

Najua kuna watakaoniuliza, vipi kuhusu wageni wanaouza rejareja Kariakoo? Kilio hicho ni cha kweli, na Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo saluni, kutengeneza simu na uwakala wa fedha kwa simu. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo, na kufutiwa viza juu. Siipingi. Lakini mtu aliyekuja kufungua duka hatishwi na dola 250, anazirudisha mapema tu. Anayetishwa ni mjasiriamali wa Hombolo. Chujio gani hilo linalopitisha makapi na kubakiza chai?

Wengine watasema mbona wenzetu wanatubana. Kweli, Oktoba 2025 Marekani ilituingiza kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya biashara au utalii anaweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Inauma. Ila kumtoza zaidi fundi wa Italia hakumrudishii Mtanzania dhamana yake. Jirani zetu Kenya, tangu Januari 2024, waliondoa viza na kuweka idhini ya mtandaoni ya dola 30, mtalii na mgeni wa kikao cha biashara bei moja.

Mimi ninashauri mambo mawili. Iwepo viza ya biashara ya siku 14 kwa bei inayokaribiana na ile ya kawaida. Halafu nguvu ihamishiwe kwenye ukaguzi baada ya mgeni kuingia, aulizwe yuko wapi na anafanya nini.

Wizara zote sasa ziko hapa Dodoma, na shamba la zabibu wala haliko mbali na ofisi zao. Wahusika watoke siku moja wakamuulize mkulima, ile mashine ikigoma huwa anafanyaje.