Acheni Kiingereza Kifundishwe kwa Kiswahili

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha kwanza katika shule moja ya kata huku Mbagala. Jioni moja alikuja kwangu na daftari la Kiingereza akalitupa mezani kama mtu anayerudisha kitu kibovu dukani. Amepata mbili kati ya kumi. Zoezi lilikuwa la kutaja aina ya kila neno kwa kuandika herufi moja juu yake. Sentensi ya kwanza ilikuwa "The tall girl runs quickly." Juu ya "tall" kaandika V. Juu ya "runs" kaandika T. Juu ya "quickly" kaandika E. Kalamu nyekundu imezikata zote tatu, tena kwa nguvu, hadi ukurasa wa nyuma umeacha alama.

Kama ulisoma Kiswahili hapa nchini umeshaona kilichotokea. V ni kivumishi, T ni kitenzi, E ni kielezi. Ndivyo tulivyofundishwa kuzifupisha, ndivyo alivyofundishwa yeye wiki ileile, kipindi cha tatu, na mwalimu wa Kiswahili, darasa lilelile, ubao uleule. Kipindi cha tano akaingia mwalimu wa Kiingereza, akafuta ubao, na V ikawa "verb." Hakuna aliyemwambia mtoto kwamba herufi zimebadilishana kazi. Zile mbili alizopata ni kwa sababu nomino na "noun" zimebahatika kuanza na herufi moja. Neno "the" aliliacha wazi, na hapo kweli hakujua.

"Mama mdogo, kwani tall siyo kivumishi?"

"Ni kivumishi."

"Sasa mbona nimekosa?"

Nimekuwa nikilijibu swali hilo kichwani kwa wiki kadhaa, na jibu langu linazidi kuwa kali. Amekosa kwa sababu tumekubaliana, sisi wazazi, walimu, wakaguzi na wanaotunga mitaala, kwamba Kiingereza hakiwezi kufundishwa mpaka kwanza mtoto ajifanye hajui lugha nyingine yoyote. Miaka saba ya shule ya msingi amejifunza kwa Kiswahili. Anajua nomino ni nini. Anaweza kukutolea kielezi katika sentensi usiku wa manane. Halafu anaingia kidato cha kwanza na kuambiwa akariri kwamba "a noun is a name of a person, place or thing," maneno kumi na moja ambayo nusu yake hayajui, ili aelewe jambo ambalo tayari analielewa. Ndiyo maana wanaimba. Pita nje ya dirisha la darasa lolote la kidato cha kwanza mwezi wa pili utawasikia wakiimba aina nane za maneno kama kwaya. Muulize mmoja wao akupe mfano ambao haumo kwenye wimbo, uone.

Nami niliimba. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha mbao chenye uzi wa katani. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa, nawe unakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Atakayekuwa nacho wakati wa kengele ya jioni anapokea viboko. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza habari kama hiyo katika kitabu chake cha 1986, juu ya shule za Kenya za wakati wa ukoloni. Nilipokisoma chuoni nilishangaa kuona wenzangu wanasikitikia historia. Historia gani? Mimi nilikivaa kibao hicho baada ya mwaka 2000, katika nchi huru, na aliyenivisha alikuwa rafiki yangu wa dawati moja.

Mnajua kibao kilitufundisha nini? Hakikutufundisha Kiingereza. Kilitufundisha kunyamaza. Njia ya uhakika ya kutovaa kibao ilikuwa kutosema kitu chochote kwa lugha yoyote tangu saa mbili hadi kengele ya jioni, na wengi wetu tuliimudu vizuri sana. Mtoto wa dada yangu hana kibao, shule yao imekiacha, ila kuna bango getini linaloamuru Kiingereza tu. Ananiambia hajauliza swali kwenye Biolojia tangu Januari. Huyu ni mtoto ambaye darasa la sita alinichosha kwa kuuliza kwa nini mjusi akikatika mkia hafi.

Sasa nije kwenye sarufi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Nilichapwa viboko viwili kwa kuandika "I am go to school every day." Kimoja cha "am" na kimoja cha "go," ndivyo nilivyohesabu. Ilinichukua miaka kumi kugundua kwamba sikuwa mjinga. Nilikuwa nimetafsiri "ninakwenda" kwa uaminifu wote: ni- ni "I," -na- nikaipa "am," kwenda ni "go." Tatizo ni kwamba -na- yetu inabeba mizigo miwili. Inabeba jambo linalotendeka sasa hivi, na kwa mazungumzo ya kawaida inabeba pia jambo la kila siku. Kiingereza kimeitenganisha mizigo hiyo. Lakini Kiswahili nacho kinajua kuitenganisha kikitaka! Tuna hu-. Huenda shule. Au kama tunavyosema mtaani, huwa naenda. Ningeambiwa tu: sentensi yako ikikubali "huwa," andika "I go", ikikubali "sasa hivi," andika "I am going." Dakika tano. Nilimwambia hivyo mtoto wa dada yangu na akaniandikia sentensi sita bila kosa, kisha akaniangalia kwa namna ya mtu aliyeibiwa. Ni kweli aliibiwa.

Au chukua -me-. Wanafunzi wetu huambiwa kwamba -me- ni "have," basi. Matokeo yake wanaandika "I have tired," wanaandika "he has sleep," na wanacharazwa. Hakuna anayesimama kuwaambia kwamba -me- yetu mara nyingi haisemi kilichotendeka, inasema hali iliyopo: amelala maana yake yuko usingizini, amevaa shati maana yake shati liko mwilini, nimechoka maana yake niko hoi. Mtoto akishajua hilo, "he is asleep" na "I am tired" zinaacha kuwa vitendawili. Na kule kuambiwa kwamba kitu kinachoitwa "gerund" ni kigumu? Sisi tuna kitenzi-jina tangu darasani mwa Kiswahili. Kusoma kwake kumekuwa kuzuri: hapo kusoma ni jina, tena lina ngeli yake. Kiingereza kimeweka tu -ing mahali petu pa ku-.

Hata "the," ile aliyoiacha wazi. Kila mtu anasema Kiswahili hakina kitu kama hicho, na kweli hakina neno lake. Nilijaribu hivi. Nikamwambia, sema "nimesoma kitabu." Akasema. Nikamwambia, sasa sema "nimekisoma kitabu." Tofauti ni nini? Alifikiri kidogo. "Hiki cha pili ni kile tulichokuwa tunakiongelea." Basi, mwanangu, mara nyingi hapo ndipo Kiingereza kinapotaka "the." Sidai kwamba ki- na "the" ni pacha; kuna mahali zinaachana, na "the" ina vituko vyake vingi. Ninachodai ni kwamba mtoto wa miaka kumi na nne alikuwa na mlango mkononi na mtaala mzima ukamwambia asiufungue.

Ushahidi unaoniudhi kuliko wote ni wa zamani. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, alifika Zanzibar mwaka 1864. Mwaka 1870 kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kikachapishwa. Ukifungua utaona sarufi ya Kiswahili imeelezwa kwa Kiingereza, mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1944 Ashton akatoa sarufi yake, kubwa zaidi na bora zaidi, nayo kwa Kiingereza. Vizazi vya maofisa wa kikoloni vilijifunza ngeli zetu kwa lugha ya mama zao, wakilinganisha, wakitafuta kipi kinafanana na kipi. Hakuna aliyewaambia wazame. Hakuna aliyewavisha kibao. Na leo hii mgeni akija Zanzibar kujifunza Kiswahili atakuta vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza ili aelewe haraka. Njia hiyo ni nzuri kwa mtu mzima mwenye shahada na pesa za ndege, ila kwa binti wa Mbagala inaitwa uvivu.

Hata hizo aina nane si Maandiko Matakatifu. Zinatokana na Wagiriki wa kale. Sarufi ndogo inayohusishwa na Dionysius Thrax ilikuwa na aina nane. Warumi walipoichukua kwa ajili ya Kilatini walikuta lugha yao haina neno la aina ya "the," wakaliondoa, wakaweka kihisishi, hesabu ikabaki nane. Kivumishi hakikuwa hata aina peke yake, kilihesabiwa pamoja na nomino. Kisha Waingereza wakaliazima koti hilo, nasi tukaliazima kutoka kwao. Silalamiki, koti la kuazima linaweza kukutosha. Nasema tu kwamba kinachoimbwa kama amri ni mpangilio wa watu, na unaweza kuelezwa kwa lugha yoyote. Aina ya neno ni kazi ya neno ndani ya sentensi. "Water" ni nomino mpaka mtu akuambie "water the flowers." "Mzuri" ni kivumishi mpaka useme mzuri amekuja. Mtoto anayeijua ya pili ataielewa ya kwanza kabla hujamaliza kuandika ubaoni.

Najua majibu yenu. La kwanza ni kwamba lugha hujifunzwa kwa kuzama ndani yake. Sawa, lakini kuzama kunahitaji maji. Darasa lina watoto tisini, kitabu kimoja kwa watano, mwalimu mmoja ambaye mwenyewe Kiingereza alikipata kwa kuimba. Huko si kuzama kwenye lugha, ni kuzama tu, na tunajua anayezama hufanyaje. La pili ni kwamba dunia inataka Kiingereza, na hata Mwalimu Nyerere aliwahi kukiita Kiswahili cha dunia. Nakubali. Ndiyo sababu nataka kifundishwe badala ya kuabudiwa. Anayetaka watoto wakijue hawezi kuridhika na miaka minne ya kukariri inayoishia kwenye "I am go."

Na kuna kundi la tatu, ambalo ni letu sisi tunaoandika humu. Tunapenda mjadala mkubwa: lugha ya kufundishia iwe ipi. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 sekondari zihamie Kiswahili, serikali haikuhama. Sera ya Elimu ya 2014 ikakitaja tena Kiswahili kwa ngazi zote, na Biolojia bado inafundishwa kwa Kiingereza. Tunaandika makala, tunagombana mitandaoni, halafu kila mwenye uwezo anapeleka mwanawe shule ya ada inayofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea. Mimi pia nimeshaulizia ada, sijifanyi mtakatifu. Lakini huku tukisubiri vita hivyo vikubwa viishe, somo la Kiingereza lenyewe lingeweza kubadilika Jumatatu ijayo. Halihitaji tume. Linahitaji mwalimu aruhusiwe kusema, kwa Kiswahili, mbele ya mkaguzi, "adjective ni kile kivumishi mlichojifunza kipindi cha tatu."

Nilikwenda shuleni kwao. Nilijiandaa kwa ugomvi, nimeshika daftari kama hati ya mahakama. Mwalimu ni kijana, huenda mdogo kwangu, chaki hadi kwenye nyusi. Aliliangalia zoezi, akaangalia zile herufi, akanyamaza kwa muda. Kisha akacheka, cheko la aibu.

"Dada, hizi ni za Kiswahili."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi nilidhani anabahatisha." Akavuta rundo la madaftari lililokuwa pembeni, akafungua la juu. V juu ya "big." Akafungua la pili. La tatu lilikuwa na mchanganyiko, mtoto kaanza na V akaifuta. Alikuwa na madaftari themanini na saba mbele yake na alikuwa ameshayasahihisha yote.

Nikamwuliza kwa nini asiwaandikie ubaoni safu mbili tu, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Akatazama mlangoni. Alisema mkaguzi alipita muhula uliopita, mwenzake akakutwa anaeleza "tenses" kwa Kiswahili, akaandikishwa barua ya kujieleza. Yeye bado yuko kwenye muda wa majaribio, hajathibitishwa kazini.

Nilikuwa na karatasi niliyomwandikia mtoto nyumbani: aina za maneno kwa lugha zote mbili, herufi zake, mfano mmoja mmoja, na ule ujanja wa "huwa" na "sasa hivi." Nilipoinuka kuondoka mwalimu aliniomba nimwachie.

"Ila usiseme mimi ndiye niliyeiomba," akasema.

Nikaiacha mezani, juu ya madaftari.