Breki Zilegeapo, Mguu wa Dereva Hupata Habari Kwanza

Barabara ya Taifa Namba 1 ya Burundi, iteremkapo kutoka Bugarama hadi Bujumbura, hushuka zaidi ya mita 1,000, kona baada ya kona. Malori mazito hutambaa humo, na waendesha baiskeli waliopakia mikungu ya ndizi huyapita kwa kasi. Baba apakiaye mkewe na watoto katika Toyota Corolla kuukuu aweza kuvumilia redio iliyokufa au kiti kilichochanika. Breki dhaifu hazivumiliki. Gari liendalo mwendo wa kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde, na nyuma ya kona huenda yupo mtoto abebaye maji.

Wenye magari wengi, waonapo breki zimelegea, huongeza mafuta ya breki na kuendelea na safari. Hilo ni kosa. Mafuta ya breki hayaliwi kama petroli. Yapunguapo, ama pedi zimelika na mafuta yameshuka kidogo kuzifuata, ama yanavuja mahali. Kuongeza bila kutafuta sababu ni kuficha ugonjwa, wala si kuuponya.

Kabla ya kushika spana, yafaa mwenye gari alisimamishe mahali tambarare, awashe injini, kisha akanyage breki polepole na kusikiliza kwa mguu.

Pedali ikienda chini sana kisha ikashika, na ikipanda juu inapokanyagwa mara mbili tatu za haraka, aghalabu viatu vya breki za nyuma vimelika au vimekaa mbali na ngoma. Ikiwa laini kama sponji, hewa imeingia ndani ya mabomba. Ikishika kwanza, kisha ikazama taratibu chini ya mguu uliotulia, ama mafuta yanavuja, ama mipira ya masta silinda imechakaa. Gari hilo lisiondoke hapo lilipo. Ikiwa ngumu kama jiwe na gari halisimami upesi, kisaidizi cha breki, kile mafundi wakiitacho buusta, ndicho cha kushukiwa. Na gari likivutwa upande mmoja, gurudumu moja halifanyi kazi sawa na mwenzake.

Buusta hupimwa hivi: injini izimwe, pedali ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha mguu ubaki juu yake na injini iwashwe. Pedali ikishuka kidogo, buusta ni nzima. Isiposhuka, mpira uletao mvuto kutoka kwenye injini uangaliwe kwanza, kwani mara nyingi umepasuka tu.

Magari mengi ya namna hii yana diski mbele na ngoma nyuma. Gari likiinuliwa kwa jeki, magurudumu yabakiayo chini yazuiwe kwa mawe, na gari likalishwe juu ya stendi imara. Mtu asitie mwili wake chini ya gari lishikwalo na jeki peke yake. Ngoma ikishavuliwa, vumbi lisipulizwe kwa mdomo, kwa maana viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, nayo huharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, wala watoto wasisogee karibu.

Silinda ndogo ya gurudumu ikionekana imelowa, huko ndiko mafuta yaendako. Silinda hiyo itengenezwe au ibadilishwe, kisha viatu vilivyonywa mafuta vitupwe, maana kuviosha hakurudishi nguvu yake. Viatu na pedi hubadilishwa magurudumu yote mawili ya mbele, au yote mawili ya nyuma, kwa pamoja; akibadilisha upande mmoja tu, dereva atalitia gari tabia ya kuvuta. Viatu vikiwa bado vizima, gurudumu la meno la kurekebishia lizungushwe mpaka viatu viguse ngoma, kisha lirudishwe kidogo hadi tairi lizunguke kwa uhuru.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia chini. Wa pili hufungua nati ya kutolea hewa, huyaacha mafuta yatoke kwa mpira hadi kwenye chupa, kisha hufunga kabla mwenziwe hajainua mguu. Hurudia mpaka povu liishe, aghalabu wakianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kikopo cha juu kisiachwe kikauke, la sivyo hewa itaingia upya na kazi itakuwa bure. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Mafuta hayo yenyewe huzeeka. Hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu hushusha joto la kuchemka kwake. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kipimo hicho hushuka hadi 140. Yakichemka mteremkoni hugeuka mvuke, na pedali huzama ghafla. Ndiyo sababu yafaa yabadilishwe yote kila miaka miwili. Oili ya injini isitiwe kamwe humo, kwani huvimbisha mipira na kuharibu breki zote.

Hata breki nzima huhitaji msaada wa dereva. Mteremko mrefu uteremkwe kwa gia ndogo, karibu ile ambayo ingetumika kuupanda, ili injini ishikilie gari. Harufu ya kuungua ikisikika, gari lisimamishwe mahali salama, breki zipoe zenyewe. Maji yasimwagwe juu ya diski yenye moto.

Masta silinda na mabomba yaliyoliwa na kutu ni kazi ya fundi ajuaye, na afaaye kuulizwa amefanya nini. Kazi ikiisha, breki zijaribiwe kwanza kwa mwendo mdogo, mahali tambarare pasipo na watu, dereva akiwa peke yake garini. Pedali ikishika juu, ikibaki imara, na gari likisimama bila kuvuta upande, hapo ndipo mama na watoto waitwe, na safari ya kuteremka mlima ianze.